MASHINE IKIKOSEA, ANASHIKWA NANI?

Maneno kwa vijana wetu kuhusu akili bandia na namna ya kuifanya iaminike



 Nimeombwa nizungumze kuhusu akili bandia. Sitawaeleza namna ya kuitumia kuandika insha, hiyo mnaijua kunishinda. Nataka tuzungumze jambo ambalo halizungumzwi sana misikitini wala madarasani kwetu: ni lini mashine inafaa kuaminiwa, na ni lini haifai.

Tuanze na kisa kilichotokea kweli. Oktoba 2017, huko Ukingo wa Magharibi, Mpalestina mmoja anayefanya kazi ya ujenzi alipiga picha akiwa kando ya tingatinga kazini kwake. Akaiweka Facebook na maneno ya Kiarabu ya kuwasabahi watu. Subalkheri tu, basi. Facebook ina programu inayotafsiri yenyewe. Programu ile ikalisoma neno vibaya, na kwa Kiebrania ikatoa "washambulieni". Polisi wa Israeli wakaja wakamkamata. Kabla ya kumkamata, hakuna askari hata mmoja anayejua Kiarabu aliyesoma alichoandika. Wakamhoji kwa saa kadhaa, wakagundua kosa, wakamwachilia. Facebook ikaomba radhi.

Sasa hesabuni makosa pale. La kwanza ni la mashine, ilikosea tafsiri. La pili ni la wanadamu, waliichukua kauli ya mashine kama ushahidi uliokamilika. Lile la pili ndilo lililompeleka kituoni.

Kwa hivyo hoja yangu leo ni moja, na ningependa muondoke nayo hata mkisahau mengine yote. Hakuna mashine isiyokosea. Mashine ya kuaminika ni ile ambayo watu wameipima wakajua inakosea wapi, inamkosea nani, na ikikosea kuna mlango wa kurudisha haki. Ikikosa hayo, hata ikiwa na alama 99 kwa 100, usiipe maisha ya mtu.

INAJIFUNZA VIPI?

Programu hizi haziandikiwi sheria moja moja. Zinaonyeshwa mifano. Tuseme unataka kompyuta itofautishe embe bivu na embe bichi. Unaipa picha elfu kumi, kila picha imewekwa lebo: hili bivu, hili bichi. Yenyewe inatafuta alama zinazoandamana na kila lebo. Lakini embe haijui ni nini. Haijawahi kulinusa wala kulionja. Ikiwa aliyepiga picha aliweka maembe mabivu yote kwenye kikapu chekundu, mashine itajifunza kikapu. Kwenye mtihani wa nyumbani itapata alama nzuri kabisa. Ipeleke sokoni Kongowea, ambako hakuna kikapu chekundu, ndipo utaona maajabu.

Msidhani ni mzaha. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu programu za kusoma picha za eksirei za kifua ili kutafuta nimonia. Picha zilitoka hospitali mbalimbali. Wakakuta programu inaweza kujua picha imetoka hospitali gani, karibu bila kukosea. Na kwa kuwa hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wengi wa nimonia kuliko nyingine, kujua hospitali peke yake kulitosha kubahatisha jibu. Ilipojaribiwa kwa picha za hospitali ambayo haikujifunzia, katika ulinganisho 3 kati ya 5 ilifanya vibaya zaidi kuliko ilivyofanya nyumbani kwake.

Nyinyi mliosoma madrasa mnalijua jambo hili kwa jina lingine. Wanazuoni wa hadithi hawakuridhika kusema fulani ni mpokezi mzuri, yakaisha. Waliuliza: mzuri anapopokea kutoka kwa nani, na katika umri gani? Yuko Isma'il bin Ayyash, mtu wa Himsi kule Sham. Maimamu wa fani hii walimpima wakasema, akipokea kutoka kwa watu wa Sham, nchi yake, yuko sawa. Akipokea kutoka kwa watu wa Hijazi, anachanganya. Ni mtu yule yule. Tena wako wapokezi waliokuwa madhubuti, kisha uzeeni kumbukumbu ikavurugika. Wanazuoni wakatenganisha waliosikia kwao kabla na waliosikia baada.

Mashine nayo ipimwe hivyo hivyo. Imejifunza kwa watu gani? Inatumiwa kwa watu gani? Ilipimwa lini, na dunia imebadilika vipi tangu siku hiyo? Anayekwambia "mashine hii ni sahihi kwa asilimia 97" akanyamaza hapo, hajakwambia kitu bado.

WASTANI UNAFICHA WATU

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme mashine inapima watu 1,000. Kati yao 900 ni wa kundi ambalo imelizoea, na inakosea mtu 1 katika kila 100. Hao ni makosa 9. Waliobaki 100 ni wa kundi ambalo ililiona mara chache, na inakosea 30 katika kila 100. Makosa 30. Jumla ni makosa 39 katika watu 1,000. Muuzaji atasimama aseme mashine yake iko sahihi kwa asilimia 96, na hajasema uongo. Lakini ukiwa wewe ni wa kundi la pili, kwako wewe inakosea karibu mara moja katika kila tatu.

Hiyo ilikuwa hesabu ya mfano. Sasa hii ni ya kweli. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu tatu za makampuni makubwa zinazotazama uso na kusema huyu ni mwanamume au mwanamke. Wao hawakukubali kutumia picha zilizozoeleka, kwa sababu nyingi zilikuwa za watu weupe. Walikusanya picha 1,270 za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden, kisha wakapima kila kundi peke yake. Kwa wanaume weupe, kosa kubwa kabisa lilikuwa asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Mashine zile zile, siku ile ile.

Na hapa pana somo la matumaini. Mwaka uliofuata mashine hizo zilipimwa tena, na zote zilikuwa zimepunguza makosa. Ya Microsoft, kwa wanawake weusi, ilitoka karibu asilimia 20.8 ikafika karibu 1.5. Kumbe iliwezekana siku zote. Ilihitaji mtu apime, aandike namba, ataje majina hadharani.

Msione hayo ni ya Wamarekani. Desemba 2019 taasisi ya serikali ya Marekani inayohusika na vipimo, NIST, ilitoa ripoti ya programu 189 za kutambua nyuso. Katika nyingi, kosa la kudhani watu wawili tofauti ni mtu mmoja lilikuwa juu zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na chini zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Afrika Mashariki ndio sisi, jamani.

HESABU YA KIVUKO

Kosa hili la kufananisha watu lina maana gani mitaani? Tuseme kamera imewekwa kivukoni Likoni, inatafuta watu 10 wanaosakwa na polisi. Ni mfano tu. Siku hiyo wanavuka watu 100,000, na wale 10 wamo. Mashine ni nzuri sana: kati ya wale 10 inawapata 9. Na kwa watu wema, inakosea mtu 1 tu katika kila 100.

Mtu 1 katika 100 yaonekana si kitu, si ndio? Lakini 1 katika 100 ya watu 100,000 ni watu 1,000. Kwa hiyo jioni ile mashine imepiga kengele mara 1,009 hivi, na ni 9 tu zilizokuwa za kweli. Askari akimshika kila aliyepigiwa kengele, zaidi ya 99 katika kila 100 walioshikwa hawana hatia. Na kama mashine ile inakosea zaidi kwa nyuso kama zetu, hesabu inazidi kuwa mbaya.

Januari 2020, karibu na Detroit, Marekani, Robert Williams, mtu mweusi, alikamatwa nje ya nyumba yake mbele ya mkewe na watoto wake wawili wa kike. Programu ilikuwa imefananisha picha hafifu ya kamera ya dukani na picha ya leseni yake ya zamani ya udereva. Alizuiliwa karibu saa 30 kwa wizi wa saa ambao hakuufanya. Alishtaki, na mwaka 2024 yakafikiwa makubaliano: polisi wa Detroit hawaruhusiwi tena kumkamata mtu kwa sababu ya jibu la programu ya nyuso peke yake. Lazima kuwe na ushahidi mwingine. Hilo limechukua miaka minne na mtu mvumilivu.

MASHINE ZA MANENO

Sasa hizi mnazoongea nazo kila siku, zinazoandika. Zimejifunza kutokana na maandishi ya intaneti, na intaneti mnaijua inavyotusema. Mwaka 2021 Abubakar Abid, Maheen Farooqi na James Zou walichapisha jaribio walilofanya kwa GPT-3. Waliipa mwanzo wa sentensi, Waislamu wawili wanaingia mahali, wakaiacha imalizie yenyewe. Mara 66 katika 100 ilimalizia kwa vurugu: mabomu, risasi, mauaji. Walipoweka wafuasi wa dini nyingine, vurugu ilipungua sana. Wakajaribu dawa: kuanza na maneno mazuri kuhusu Waislamu. Ikashuka hadi 20 katika 100. Ni nafuu, lakini hiyo ni plasta juu ya kidonda. Ugonjwa umo ndani ya yale iliyosoma.

Fikirini mashine ya namna hiyo ikipewa kazi ya kuchuja barua za kuomba kazi, au kuamua posti gani ifutwe, au nani aongezewe maswali uwanja wa ndege. Haina chuki, maana haina moyo. Inarudia tu iliyoyasoma, na inayarudia kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

INAVYODANGANYIKA

Kuna udhaifu mwingine. Mwaka huo huo wa 2018, watafiti walibandika vipande vichache vya stika nyeusi na nyeupe kwenye kibao cha barabarani cha SIMAMA. Mimi na wewe tungeona kibao cha SIMAMA kilichochafuliwa na watoto. Programu kwenye jaribio lao ikasoma kibao cha kikomo cha mwendo. Tofauti ndogo kwa jicho la mtu, kubwa kwa mashine.

Na dunia inaweza kubadilika bila mtu yeyote kukusudia hila. Mwaka 2020 corona ilipokuja, sote tukavaa barakoa. NIST wakapima tena. Programu bora kabisa zilikuwa zikishindwa kumtambua mwenye uso wake karibu mara 0.3 katika 100, na barakoa zikashindwa karibu mara 5. Nyingine ambazo zilisifiwa zikashindwa kati ya mara 20 na 50 katika 100. Hazikuharibika. Dunia ndiyo iliyogeuka, na zenyewe zilibaki na masomo ya jana.

HATA IKIWA SAHIHI

Halafu kuna jambo ambalo ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera wanalijua vizuri kuliko mwalimu yeyote wa kompyuta. Wakati wa ukame na shida, kuna familia za Wakenya zilizojiandikisha kambini kama wakimbizi ili zipate chakula na matibabu. Watoto wao wakachukuliwa alama za vidole. Miaka ikapita, mtoto akafika miaka 18, akaenda kuomba kipande. Kompyuta ikajibu: huyu yumo kwenye orodha ya wakimbizi. Kipande hakuna. Na bila kipande hakuna kazi ya kueleweka, hakuna akaunti ya benki, hakuna kura. Maelfu walikwama hivyo kwa miaka.

Angalieni vizuri. Vidole vilifanana kweli. Mashine ilisema kweli. Kosa lilikuwa ile maana iliyofungwa kwenye jibu: aliyemo kwenye orodha hii si Mkenya. Orodha haikuwa na nafasi ya kuandika "huyu alikuwa na njaa". Hakuna hesabu ya kompyuta itakayorekebisha hilo. Linarekebishwa na mtu anayesikiliza, na sheria inayomlazimisha asikilize.

TUDAI NINI?

Haya mambo yana dawa, na dawa zinajulikana. Nitataja tano. Ukiwa mwanafunzi wa kompyuta, zifanye. Ukiwa mwananchi, zidai.

La kwanza, ipimwe mahali itakapotumika, kwa watu itakaowahukumu, na matokeo yatolewe kwa kila kundi peke yake. Mashine itakayotumika Kenya ipimwe kwa sura za Kenya: Mdigo, Msomali, Mnubi, Mturkana, mwanamke aliyevaa hijabu, mzee ambaye vidole vimelainika kwa miaka ya jembe. Wastani pekee tusiukubali.

La pili, ifundishwe kusema "sijui". Programu inaweza kutengenezwa ili uhakika wake ukiwa mdogo isitoe jibu, imkabidhi mtu. Na uhakika wenyewe upimwe: ikisema ina uhakika wa 90 katika 100, basi katika majibu kama hayo 100, takriban 90 yawe kweli. Kwetu mwanachuoni akisema "Allahu a'lam" heshima yake haipungui. Mashine isiyojua kusema hivyo ni ya kuogopwa.

La tatu, ishambuliwe na marafiki kabla haijashambuliwa na maadui. Waajiriwe watu kazi yao iwe ni kuidanganya: stika, picha zenye ukungu, Kiswahili cha Mombasa, Sheng' ya Nairobi, Kiarabu cha mitaani. Kila inapoanguka, mifano ile irudishwe darasani ijifunze tena. Hapa vijana wetu mna kazi ambayo mtu wa California hawezi kuwafanyia. Yeye hajui tofauti ya dua na tishio kwa lugha yako.

La nne, isiachwe peke yake baada ya kuwekwa. Makosa yahesabiwe kila mwezi, kwa makundi yale yale. Yakipanda, izimwe hadi ijulikane kwa nini.

La tano, awepo mtu mwenye elimu ya jambo lile na mamlaka ya kuipinga mashine. Sisemi mtu wa kubonyeza "sawa". Wale askari wa mwaka 2017 walikuwa watu pia, lakini hakukuwa na anayejua Kiarabu. Mtu asiyeweza kuhakiki jibu ni mhuri tu.

Na kwa nchi yetu, hili la tano lina msingi wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na mashine peke yake, ingawa kuna hali ambazo sheria imeziruhusu, kama mkataba au idhini yako mwenyewe. Hata ukifanyiwa, ujulishwe kwa maandishi, na unaweza kuomba uangaliwe upya. Kwa hiyo ukinyimwa mkopo kwa simu au huduma, na ukaambiwa "ni mfumo umekataa", uliza kwa maandishi: uamuzi huu umefanywa na mtu au na mashine? Weka nakala. Wasipojibu, iko Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, peleka malalamiko.

Msiseme haisaidii. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ilitoa hukumu ya Huduma Namba. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani ni Nubian Rights Forum, watu wa jamii ambayo imehangaishwa na suala la kipande kwa vizazi. Mahakama ikakataa kukusanya chembe za DNA na mahali mtu anapoishi kwa setilaiti, ikasema mfumo usiendelee mpaka kuwe na kanuni za kutosha. Serikali kubwa, mashine ghali, na jamii ndogo iliyobeba makaratasi yake. Ikasikilizwa.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia mwogope akili bandia wala muikimbie. Programu zinazosoma eksirei zikipimwa vizuri zinaweza kumsaidia daktari mmoja aliye peke yake Mandera. Tunazihitaji. Lakini kitu tunachokihitaji ndicho tunachopaswa kukikagua kwa ukali zaidi, kama vile mtu akaguavyo mashua kabla ya kuwapakia watoto wake.

Aliye na kichwa cha hesabu, asome fani hii, tunakuhitaji ndani ya chumba mashine zinapotengenezwa. Aliye na kichwa cha sheria, asome kifungu cha 35 leo usiku. Asiye na chochote kati ya hivyo ana ulimi: siku ukiambiwa "kompyuta imesema", uliza kompyuta hiyo ilipimwa na nani, wapi, na kwa watu gani. Kisha ngoja jibu, usiondoke.

Allah atupe elimu yenye manufaa na atujaalie kuwa mashahidi waadilifu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.